Lenzi ya jicho yenye afya isiondolewe kwa haraka

Makala niliyosoma imeeleza vizuri faida za kubadilisha lenzi ya jicho ukiwa na miaka 45 au 50 ili uachane na miwani, ila hatari zimepitiwa juu juu. Mwenye mtoto wa jicho sina neno naye, upasuaji unamrudishia nuru. Nazungumzia mtu ambaye lenzi yake ni safi, imekakamaa tu kama inavyokakamaa kwa kila mtu baada ya miaka 40.

Ikishatolewa hairudi. Na wale wasioona mbali kabisa, ambao miwani imewachosha kweli, ndio wenye hatari kubwa zaidi ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka baadaye, hasa wanaume ambao bado hawajazeeka. Usipowahi matibabu, jicho linaweza kupofuka.

Halafu kuna lenzi bandia za kuona mbali na karibu kwa pamoja. Hizo huugawa mwanga, kwa hiyo usiku baadhi ya watu huona duara zinazong'aa kuzunguka taa za magari. Shemeji yangu huendesha lori usiku, Dar hadi Tunduma. Daktari alimuuliza kazi yake kabla ya kutaja bei, akamshauri abaki na miwani. Nilimheshimu sana daktari yule! Kwa fundi cherehani jibu lingeweza kuwa jingine.

Anayetaka jicho moja lipangiwe kuona mbali na jingine kuona karibu aombe kwanza kujaribu kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho. Na ukitajiwa tarehe ya upasuaji kabla hujawekewa dawa ya kupanua mboni retina ikaguliwe, tafuta daktari mwingine.