Namba 384 haiwajui wasikilizaji wako

Waliosoma uzamili wa habari na mawasiliano ya umma huku kwetu wataitambua namba hii bila kuelezwa: 384. Imo katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ya tasnifu nyingi, na isipokuwamo utakuta jirani zake, 399 au 400. Mwanafunzi anataka kujua kama vijana wa Dar es Salaam wanaziamini taarifa za habari za redio. Anachukua idadi ya watu, anaiingiza kwenye fomula ya Yamane au anafungua jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, vyote vya kukokotoa wahojiwe wangapi, anapata ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu atakaowahoji kwa niaba ya wote. Msimamizi anaridhika, hojaji zinachapishwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tafiti nyingi za vyombo vya habari zinapofia, kabla mtafiti hajazungumza na msikilizaji hata mmoja.

Jedwali lenyewe halina kosa. Kinachosahaulika ni sharti lake: washiriki wachaguliwe kwa nasibu, yaani kwa bahati, kila mtu akiwa na nafasi ya kuchaguliwa, na ili uchague kwa nasibu unahitaji orodha au kitu cha kushika nafasi yake. Walimu wa wilaya fulani wana orodha. Wasikilizaji wa redio hawana. Basi mwanafunzi anabeba hojaji zake hadi kituo cha daladala, au kwa wenzake chuoni, anampa yeyote anayekubali, na zikifika 384 anaandika kwamba sampuli yake ni nasibu. Si nasibu. Ni watu 384 waliopatikana. Hakuna ubaya kuwatumia, mradi aseme hivyo. Asilimia zao ndizo hazina haki ya kuwasemea vijana wa jiji zima.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kwa watu wapatao milioni 10 likiwauliza watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatabiri ushindi wa Alf Landon. Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. Ikiwa kadi milioni 2 hazikuweza kuziba pengo hilo, hojaji 384 za kituoni haziwezi.

Sasa tazama upande wa pili. Utafiti wa Maxwell McCombs na Donald Shaw, ambao hakuna anayesoma habari akaukwepa, ulifanyika Chapel Hill, Marekani, wakati wa uchaguzi wa 1968. Waliohojiwa walikuwa 100 tu. Lakini walichaguliwa kwa sababu: ni wapiga kura ambao hawakuwa wameamua, kwa hiyo ndio walioelekea zaidi kuguswa na habari za kampeni. Kisha watafiti wakachambua maudhui ya vyombo vilevile ambavyo wakazi wa pale walivitumia, wakalinganisha mambo yaliyopewa uzito na vyombo hivyo na mambo ambayo wapiga kura waliyaona muhimu. Mji mmoja hauthibitishi kila kitu, na waliofuata wameurudia utafiti huo kwa miongo mingi. Ila mbinu zilitoka kwenye swali. Kwetu swali hukatwa litoshee mbinu.

Nichukue uchambuzi wa maudhui, ambao unaniuma zaidi. Wanafunzi wengi huchambua magazeti kwa kuwa maktaba imeyahifadhi. Lakini watu wengi wa Tanzania hukutana na gazeti asubuhi kupitia redio, mtangazaji akisoma vichwa vya habari. Wanachokipokea ni kichwa cha habari, sauti aliyoitumia, jina alilolivuta, kicheko cha mwenzake studioni, na simu ya msikilizaji aliyepinga. Aya ya saba ya ukurasa wa nne, ambayo mtafiti ameihesabu kwa uangalifu mkubwa, haikuwafikia. Kazi nzuri ya uzamili ingekuwa kurekodi vipindi hivyo kwa wiki kadhaa, kwa simu tu, kuvinukuu neno kwa neno, kuweka misimbo, yaani alama za kuonyesha kila kipande ni cha aina gani, kisha kumpa mtu wa pili sehemu ya rekodi hizo aweke misimbo yake bila kuona ya kwanza. Mkikubaliana kidogo, maana zenu bado zina utata. Kipimo cha Cohen cha mwaka 1960, kinachopima makubaliano ya waweka misimbo wawili, kitawaonyesha kiasi gani. Ni kazi ya kuchosha, na kwenye sura ya tatu haipendezi kama fomula. Lakini hapo ndipo unapojifunza kusikiliza.

Na hatuanzi sifuri. Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya ya Tanzania ya mwaka 1973, ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Kujua kama walisikiliza kusingetosha. Swali lenye uzito lilikuwa kama vijijini kuna kilichobadilika, vyoo vikiwemo. Miaka hiyohiyo, hapahapa Tanzania, Budd Hall na Marja-Liisa Swantz walisaidia kujenga utafiti shirikishi, ule ambao wanaotafitiwa wanashiriki kuufanya, na ambao leo unafundishwa duniani kote. Inanisikitisha kukutana na mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeusoma kama kitu cha ng'ambo.

Ombi langu ni kwa wasimamizi na watahini. Mwanafunzi akija na mahojiano 30 ya kina na rekodi za redio alizozisikiliza mpaka akazijua, msianze na swali la kwa nini sampuli ni ndogo. Mwulizeni alimchagua nani na kwa nini, nani hakumfikia, na nini kilichosemwa ambacho hakukitarajia. Na anayekuja na 384 aulizwe hivyohivyo.