Faini ya Tangu Mwaka 1970

Daktari wa chuo alinieleza kwa upole kwamba sikuwa na malaria, bali nilikuwa nimechoka kupita kiasi, na kwamba hali hiyo Shirika la Afya Duniani liliifafanua mwaka 2019 katika mwongozo wake mpya wa kuainisha magonjwa, ingawa linaitaja kuwa ni hali itokanayo na kazi na si ugonjwa. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwanafunzi, sina kazi. Akaniuliza usiku huwa ninafanya nini, nami nikamtajia miradi yangu ya pembeni: programu ya kutabiri daladala itafika lini, ambayo daladala ilikuwa ikifika kabla haijamaliza kufunguka, na nyingine nyingi za namna hiyo, zote zikiwa nusu na hakuna hata moja iliyowahi kuniingizia shilingi. Aliacha kuandika, akanitazama kwa muda, kisha akaniamuru nirudi nyumbani nikapumzike.

Nyumbani ni Morogoro, na Mama aliupokea ushauri huo kwa ukali kuliko daktari mwenyewe. Kompyuta yangu ilifungiwa kabatini chini ya vitenge, nami nikakabidhiwa uji wa ulezi na ungo wa kuchambua mchele. Nilianza kulala usiku kama watu wengine, nikanenepa, na huenda ningepona kabisa kama Mama asingekuwa katibu wa kikoba.

Kikoba chao kina daftari nene ambamo Mama huandika hisa, mikopo na faini, na kila ukaribiapo mkutano hulazimika kumwandikia kila mwanachama ujumbe wa kumkumbusha. Jioni moja alivua miwani, akasugua macho, akasema, "Mwanangu, hakuna namna kompyuta yako ikanisaidia hapa? Kitu kidogo tu, kisichokuchosha." Mwandishi wa programu akiambiwa "kitu kidogo tu" hupona papo hapo. Kabla uji haujapoa nilikuwa nimekwisha kuvitoa vitenge kabatini.

Programu ilikuwa nzuri, na hilo nitalisema popote. Ilisoma orodha ya wanachama, ikakokotoa faini ya shilingi 500 kwa kila siku ya kuchelewesha marejesho, kisha ikatuma ujumbe kupitia simu yangu ya zamani niliyoiwekea kifurushi. Nilijivunia zaidi kipengele kimoja, nacho ni kwamba ilibadili saa za kompyuta kuwa saa tunazozitumia sisi, ili bibi yeyote asome bila kupiga hesabu.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024, ujumbe ulitoka. Waliokuwa na mikopo walipata ukumbusho sahihi na wa adabu. Wale ambao hawajawahi kukopa hata senti, na kwa hiyo nafasi yao ya tarehe ya marejesho ilikuwa tupu, walipata huu: "Ndugu mwanachama, mkopo wako wa shilingi 0 ulipaswa kurejeshwa tarehe 1 Januari 1970, saa 9:00 usiku. Umechelewa siku 19,939. Faini yako ni shilingi 9,969,500. Fika na fedha taslimu. Umoja ni nguvu."

Maelezo ya kitaalamu ni mafupi. Kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za kimataifa, na lugha niliyoitumia ikipewa tarehe isiyo na kitu huihesabu kuwa sifuri, yaani mwanzo huo huo. Sisi tukiwa mbele kwa saa tatu, inakuwa saa tisa usiku. Maelezo hayo niliyatoa mara nyingi siku ile, nikiwa nimesimama uani mbele ya wanawake waliovaa nguo za kanisani, na hayakumtuliza hata mmoja. Mweka hazina alitaka kujua anadaiwaje tangu kabla mama yake hajaolewa. Mwingine alikuja na mumewe, ambaye fedha hazikumsumbua hata kidogo. Alichotaka kuelezwa ni mkewe alikuwa wapi saa tisa usiku.

Aliyenimaliza ni bibi mmoja wa mtaa wa pili. Yeye hakugomba. Alikaa kwenye mkeka, akafikiri sana, akasema kwamba mwaka 1970 alikuwa msichana na marehemu baba yake alikuwa mtu wa kukopa kopa, kwa hiyo lolote linawezekana. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya shilingi elfu kumi, akaomba iandikwe kuwa ni malipo ya awali. Ilichukua muda mrefu kumshawishi airudishe, na hadi leo ananishuku kwamba ninamfichia deni.

Mkutano wa alasiri ulikuwa na ajenda moja. Katiba ya kikoba haina kifungu kinachohusu programu, lakini ina faini ya kuvuruga amani, nikatozwa shilingi 5,000 ingawa si mwanachama. Kisha mwenyekiti akashauri, na Mama akaunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba kompyuta yangu ihifadhiwe katika sanduku la kikoba, lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti. Wawili wamekwisha kulainika. Wa tatu ni mweka hazina, na kila nikienda kumwomba ufunguo huniambia nirudi nyumbani nikamtumie ujumbe.