Eti Wamaya Walitoweka

Saa sita ya mchana, jua linachoma utosi, nimesimama chini ya piramidi ya Kukulkán pale Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya huko Mexico, nahesabu ngazi. Zipo 365 ukijumlisha na ile ya juu, sawa na siku za mwaka, na huruhusiwi kupanda hata moja. Kundi la jirani lina mwongozaji wake, kijana mwenye kofia na sauti ya matangazo ya vifo, na anamalizia hivi: "Halafu Wamaya wakatoweka. Hakuna anayejua walikwenda wapi." Watalii wake wakaguna kwa huzuni.

Nyuma yake, hatua tano hivi, mama mmoja mfupi aliyevaa lile gauni jeupe lenye maua ya kudarizi kifuani alikuwa anamfokea mwanawe kwa Kimaya. Sijui Kimaya, lakini ugomvi wa mtoto aliyeuza kofia kwa bei ya hasara hauhitaji mkalimani. Huyu naye katoweka? Basi katoweka na meza yake, vinyago vyake na mashine ya kadi ya benki.

Wiki tatu zimepita na bado nimekasirika, kwa hiyo mtanivumilia.

Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu anayeishi Houston. Tulikodi gari Mérida tukazunguka rasi ya Yucatán siku sita. Barabara nzuri, nyoofu, msitu mfupi pande zote, halafu ghafla tuta. Wao wanayaita topes, na kila kijiji kina yake, na kila tuta lina mtu wa kukuuzia machungwa yaliyomenywa. Mimi niliyekua Korogwe nilijiona nimefika Muheza. Tofauti ni kwamba wao wanayanyunyizia pilipili ya unga. Na pilipili yao ya kujivunia, habanero, ni hii hii pilipili mbuzi yetu, hivyo binamu alipokuwa analia machozi mezani mimi niliomba niongezewe.

Turudi kwa waliotoweka. Nakubali, shingo upande, kwamba neno hilo lina punje ya ukweli. Miji mikubwa ya kusini, akina Tikal, Palenque na Copán, ilianza kuhamwa karne ya 9, na ukame ni mmoja wa washukiwa wakuu. Lakini watu kuhama mji na watu kuisha ni mambo mawili. Tongoni pale Tanga kuna magofu na makaburi ya kale, na wavuvi wa Tongoni leo asubuhi wameamka wakaenda baharini. Chichén Itzá yenyewe ilistawi wakati wenzake wa kusini wanakufa. Wahispania walipokuja hawakukuta msitu mtupu. Walikuta watu, wakapigana nao, na hawakuwamaliza upesi: Mérida ilianzishwa 1542, ila mji wa Nojpetén kwenye ziwa la Petén, Guatemala, ulianguka 1697. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán wakaamka tena na nusura waitwae rasi nzima. Vita ile haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka jeshi la Mexico lilipoingia makao yao makuu, Chan Santa Cruz, mwaka 1901. Miaka 54 ya kupigana na watu wasiokuwepo! Na leo wanaosema Kimaya cha Yucatán ni zaidi ya 700,000 nchini Mexico, achilia mbali mamilioni ya Guatemala wenye lugha ndugu.

Kwa nini basi hadithi hii haifi? Kwa sababu inafaa. Mtu aliyetoweka hadai ardhi wala haulizi mapato ya kiingilio yanakwenda wapi. Ardhi yenye magofu makuu ya Chichén Itzá ilikuwa mali ya watu binafsi hadi 2010, jimbo lilipoinunua. Umesikia vizuri: piramidi ya Wamaya ilikuwa kwenye shamba la mtu, na aliyelipwa hakuwa Mmaya wa kofia na vinyago.

Uxmal, magofu mengine ya Wamaya, ni pazuri kuliko Chichén, kelele ni chache, na asiyekubali tutabishana siku nyingine.

Izamal sasa. Mji mzima wa katikati umepakwa rangi ya manjano, unapendeza kama pipi, na binamu alipiga picha mpaka simu ikaomba radhi. Ile konventi kubwa ya Wafransisko imekaa juu ya jukwaa la piramidi iliyobomolewa, kwa mawe yaleyale. Mtawa aliyesimamia mambo hapo, Diego de Landa, ndiye aliyewasha moto kule Maní mwezi Julai 1562 akachoma vitabu vya Wamaya. Vilivyosalia duniani ni vinne. Vinne tu, na vitatu kati yake vinaitwa Dresden, Madrid na Paris, kama watoto waliochukuliwa wakabadilishwa majina. Kichekesho ni kwamba maelezo ya Landa huyohuyo kuhusu herufi za Kimaya ndiyo yaliyompa ufunguo Mrusi Yuri Knorozov, mwaka 1952, maandishi yale yakaanza kusomeka upya. Kwenye kibao nilichosoma mimi, Landa alikuwa "mwanahistoria".

Mérida walau haijifichi. Kanisa kuu, lililokamilika 1598, limejengwa kwa mawe ya mahekalu ya mji wa T'ho uliokuwa hapohapo. Jirani yake, nyumba ya akina Montejo, Wahispania walioanzisha mji, juu ya mlango wamechongwa askari wawili wa Kihispania wamekanyaga vichwa vya watu, vinywa wazi. Nilikaa mbele yake nikila barafu ya nazi. Watu walikuwa wanapiga picha za harusi.

Ndiyo, mji ni mzuri. Jioni wanacheza muziki uwanjani, wazee wanakaa kwenye vile viti pacha vinavyotazamana, hakuna anayemkimbiza mwenzie. Ningeweza kuishi pale. Lakini ukifika barabara ya Paseo de Montejo, yenye majumba kama ya Paris, lazima ujiulize pesa zilitoka wapi, na jibu lake lilinikuta njiani siku ya tano, nikiwa sijajiandaa.

Tulisimama kula kwenye hasienda moja ya zamani, yaani shamba kubwa la bwana, iliyogeuzwa hoteli. Nimeshuka tu kwenye gari, nikauona. Mkonge. Mistari kwa mistari, majani yamesimama kama mikuki. Binamu anasema nilipiga kelele. Kwa usahihi, wao walilima zaidi henequen, ndugu wa damu wa mkonge wetu, ila na huu wetu kwao ni huko, na bandari ya Sisal, iliyouachia jina lake la Kizungu, haiko mbali na Mérida. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Kwa miche ile 62, babu yangu mzaa baba alitoka Njombe akiwa na miaka kumi na saba akaja kuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, akafia Korogwe bila kurudi kwao.

Kwenye meza yetu palikuwa na kadi inayosifu "enzi ya dhahabu ya kijani". Chumba cha mashine ya kukamua majani kimekuwa mgahawa, birika la maji limekuwa bwawa la kuogelea. Kadi haikusema kwamba waliokata majani ni Wamaya waliofungwa kwa deni, wakilipwa kwa vibati visivyotumika popote isipokuwa duka la bwana, ili singa zikafunge miganda ya ngano Marekani. Haikutaja Wayaqui, kabila la kaskazini mwa Mexico, walioletwa kwa nguvu, wala Wakorea wapatao elfu moja waliofika 1905. Utaratibu huo ulikuja kuvunjwa wakati wa mapinduzi ya Mexico, chini ya Jenerali Salvador Alvarado, 1915. Sisemi kipande cha babu, ile kadi ya kazi ya siku thelathini, kilikuwa sawasawa na vibati vile. Babu aliweza kuondoka, angalau kwenye karatasi. Ila nilijua mikono ile ilivyofanana. Miba ya mkonge haiulizi kabila.

Na wahudumu? Beji zao ziliandikwa Pech, Canché, Uc. Majina ya ukoo ya Kimaya, meza baada ya meza. Waliotoweka walikuwa wanatuletea supu ya ndimu.

Sikuimaliza. Nilitoka nje kwenye ile mistari, nikamkuta mzee anapunguza majani kwa panga, taratibu, anaacha yale ya juu, vilevile walivyofanya kwetu. Kwa Kihispania changu cha kuokoteza nikamwambia babu yangu alifanya kazi hii, Afrika. Akanitazama, akatazama jani, akaniuliza huko tunaliitaje. Nikamwambia, mkonge. Akalijaribu mara tatu, ile "mk" ikimkwama. Yeye akanifundisha lake: ki. Silabi moja, na bado nilikosea.

Nilipoaga akasema Dios bo'otik, ndiyo asante yao, na nimekuja kujua maana yake ni Mungu alipe. Nikamjibu kwa Kiswahili, amina mzee, nikarudi kwenye gari ambako binamu alikuwa ameshalipa bili na ameninunia.