Nukta Tatu za Bibi Whang-Od

Kila picha ya Bibi Whang-Od inapozunguka mitandaoni, lawama hurudi ileile: mchanjaji huyu wa michoro ya ngozi (tatuu), wa kijiji cha Buscalan, katika milima ya Kalinga huko Ufilipino, ameuza mila ya wazee wake kwa watalii. Oktoba 2017, akihesabiwa kuwa na miaka 100, alipelekwa Manila kwenye maonyesho ya biashara, akawachora mamia ya watu. Picha iliyomwonyesha kama amesinzia mbele ya waandishi wa habari iliwaudhi wengi. Iliniuma hata mimi. Kumchosha ajuza kiasi hicho hakuna utetezi. Lakini kumchosha ni kosa la waliomchosha. Halimfanyi yeye kuwa muuza mila.

Wanaolalamika wana hoja. Batok, kama Wakalinga wanavyoiita michoro hii, haikuwa pambo la kununua. Mwanamume alichanjwa kifuani baada ya kumuua adui, na mara nyingi kurudi na kichwa chake. Mwanamke alichanjwa mikono kwa urembo na kwa kukomaa kwake. Leo mgeni anapanda mlima, analipa, anashuka na alama, na kijiji kizima hakijui lolote kumhusu.

Hapo ndipo naomba tutulie. Sharti lile la kale lilikuwa uhai wa mtu. Watawala wa Kimarekani walipopiga marufuku ukataji vichwa mwanzoni mwa karne ya 20, wateja wa kiume wa kazi hii walianza kwisha. Whang-Od, aliyefundishwa na baba yake akiwa binti wa miaka kama 15, aliwachanja mashujaa wa mwisho. Nani kati yetu anataka sharti lile lirudi? Kama hakuna, basi kazi ilikuwa ipate wateja wengine au ife.

Na kufa kwake sisi tunakujua. Nenda Newala, kusini mwa Tanzania, uangalie nyuso: chale za Kimakonde utaziona kwa wazee tu, na wazee hao wanatutoka. Hakuna mtalii aliyezichafua. Zilibaki safi, na mafundi wakazikwa na ufundi wao.

Buscalan ilikuwa inaelekea hukohuko. Mchumba wa Whang-Od alikufa katika ajali ya ukataji miti, yeye akiwa na miaka 25, hakuolewa, hakuzaa. Na mila inataka ufundi urithiwe ndani ya ukoo, la sivyo, wanaamini, mchoro utaoza. Kwa miaka mingi watu walimtaja kama fundi wa mwisho. Kisha wajukuu wa ndugu zake wakaanza kujifunza wangali wadogo: mwiba wa mbalungi, vijiti viwili, masizi na maji, na mkono unaogonga kwa kipimo kilekile saa nzima. Msichana hakai miaka kujifunza kazi isiyomlisha, hata ampende bibi vipi. Fedha za wageni ndizo zilizomfanya abaki mlimani badala ya kushuka mjini kutafuta kibarua. Mnaolia kwamba mila imeuzwa, nionyesheni njia nyingine ambayo ingemweka binti huyo pale.

Hatari ninayoiogopa iko kwingine. Mwaka 2021 chuo kimoja cha mtandaoni kilitangaza kuuza kozi ya ufundi wake. Ndugu zake wakasema bibi hakuelewa alichodaiwa kukubali, na kozi ikaondolewa. Pale mwiba ulitaka kuhamishwa kutoka mkono wa ukoo. Mgeni anayelipa kijijini hauhamishi.

Aprili 2023 alitokea kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue Philippines, akiwa na miaka 106. Kwa umri huo michoro mikubwa, tandu na magamba ya nyoka, ameshawaachia wajukuu. Yeye huweka nukta tatu, sahihi yake. Wenyewe husema moja ni yeye, na mbili zilizobaki ni mabinti wawili wa kwanza aliowafundisha.