Uache Mti Ulale

Karibu kila anayetaka kupanda miti ya matunda nyumbani, mahali ambapo theluji huanguka na udongo huganda, huanza na swali hili: mti huu unavumilia baridi ya nyuzi ngapi? Ni swali la haki, ila naona limepewa uzito kupita kiasi. Mtufaa wa aina inayofaa, ukiwa umelala vizuri katikati ya majira ya baridi, huvumilia nyuzi 30 za Selisiasi chini ya sifuri, na aina nyingine huvumilia zaidi ya hapo. Ukitaka kujua kwa nini miti mingi ya uani hufa, au hukaa miaka bila kuzaa, tazama joto. Joto la siku chache lililokuja wakati usio wake, likauamsha mti, kisha likaondoka.

Mti wa matunda wa nchi za baridi huwa na maandalizi marefu kabla ya kulala. Siku zinapoanza kufupika mwishoni mwa kiangazi, huacha kurefuka na kufunga ncha za matawi yake. Ubaridi wa kwanza, ule mwepesi, huendeleza kazi: sukari hujikusanya ndani ya seli, na maji hupungua ili barafu isizipasue. Hayo yote huchukua wiki kadhaa. Mti ambao katikati ya majira ya baridi ungestahimili nyuzi 30 chini ya sifuri unaweza kuharibika kwa nyuzi 15 tu zikija ghafla kabla haujamaliza kujiandaa. Wakulima wa Iowa, Marekani, waliliona hilo tarehe 11 Novemba 1940. Vuli ilikuwa ya joto, miti ilikuwa bado haijalala sawasawa, kisha dhoruba ikaingia na joto likaporomoka ndani ya saa chache. Jimbo hilo lilikuwa na mashamba makubwa ya matufaha, na miti mingi mno ilikufa. Miti hiyohiyo ilikuwa imepita salama katika majira mengine ya baridi.

Kuna na upande wa pili, ambao kwangu ndio kiini cha jambo lote. Mti uliolala huhesabu baridi. Kila saa ambayo hewa iko kati ya nyuzi 0 na 7 hivi huingia kwenye hesabu, na mitufaa mingi huhitaji saa 800 hadi 1,000 za namna hiyo kabla ya kukubali kuchanua. Ni kinga nzuri, maana bila hiyo mti ungechanua kila jua likitoka. Lakini mahali penye majira marefu ya baridi, hesabu hiyo mara nyingi hukamilika mapema, wakati theluji ingali imetanda. Kuanzia hapo mti haushikiliwi na kitu kingine ila baridi yenyewe. Zikipita siku kumi za vuguvugu, matumba huvimba. Tumba lililovimba halirudi kulala kama mwanzo.

Tazama nambari zenyewe. Tumba la tufaha lililofunga kabisa huvumilia baridi kali. Likianza kuonyesha ncha ya rangi ya fedha, nyuzi 9 chini ya sifuri huanza kuua baadhi yake. Ua likishafunguka, nyuzi 2 chini ya sifuri kwa nusu saa huua takriban moja katika kumi, na nyuzi 4 huua tisa katika kumi. Yaani usiku ambao wewe unauona ni wa kawaida tu, usiku wa kuvaa sweta, unaweza kuondoa mavuno ya mwaka mzima. Mwaka 2021 Ufaransa ilipata joto lisilo la kawaida mwishoni mwa Machi, mizabibu na miti ya matunda ikaamka, na wiki ya kwanza ya Aprili jalidi ikaikuta wazi. Hasara ilienea karibu nchi nzima. Baridi ile isingekuwa habari kama ingekuja miezi miwili kabla.

Kwa hiyo mimi nachagua miti kwa siku yake ya kuchanua kwanza, na uvumilivu wake wa baridi baadaye. Chukua aprikoti. Mbao zake ni ngumu, zinavumilia baridi kuliko watu wanavyodhani, lakini huchanua mapema kuliko karibu miti mingine yote ya matunda ya uani. Mahali penye machipuko ya kigeugeu utapata maua mazuri kila mwaka na matunda mara chache sana. Pichi ina shida nyingine: matumba yake ya maua huanza kufa baridi inapofika nyuzi 23 hadi 26 chini ya sifuri, hata kama mti wenyewe umebaki hai. Zipo aina zilizotafutwa kwa ajili ya baridi, kama Reliance iliyotolewa New Hampshire mwaka 1964, na anayetaka pichi kwa moyo wote aanze na hiyo. Lakini kumwambia mtu anayeanza, mwenye nafasi ya miti miwili au mitatu, apande pichi au aprikoti, naona ni kumkatisha tamaa kabla hajaonja kitu.

Anza na mtufaa, mplamu na mcheri wa matunda machachu. Kwa mitufaa kuna kazi kubwa iliyokwisha kufanywa na watu waliotangulia. Peter Gideon alihamia Minnesota katika karne ya 19, akapanda miti mingi, na majira ya baridi yakaimaliza mmoja baada ya mwingine. Hakuacha. Alitumia fedha kidogo alizobakiwa nazo kuagiza mbegu kutoka Maine, na humo ukatoka mti uliovumilia, akaupa jina la mkewe, Wealthy. Baadaye chuo kikuu cha jimbo hilo kiliendelea na kazi ya kuzalisha aina za baridi. Haralson ilitoka mwaka 1922, na Honeycrisp, ambayo leo inauzwa pande nyingi za dunia, ilitoka mwaka 1991. Anayesema matufaha ya nchi za baridi ni madogo na makali hajaonja hilo la mwisho.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi nikitazama miche inayouzwa. Kibao kimeandikwa jina la tunda kwa herufi kubwa, na shina la chini halitajwi kabisa. Mtufaa unaonunua ni miti miwili iliyounganishwa: juu ni aina unayoitaka, chini ni shina la mizizi la aina nyingine. Hilo la chini ndilo linaloamua mti utakuwa mrefu kiasi gani, utaanza kuzaa lini, na mizizi itavumilia udongo ulioganda au la. Shina la M9, lililotoka kituo cha utafiti cha East Malling nchini Uingereza, hutoa mti wa mita mbili na nusu hadi tatu, unaozaa ndani ya miaka mitatu au minne, lakini unahitaji mhimili maisha yake yote na mizizi yake si hodari wa baridi kali. B9, kutoka Michurinsk nchini Urusi, huwa mfupi vilevile na mizizi yake ni migumu zaidi. Shina la Antonovka, tufaha la Kirusi, lililooteshwa kwa mbegu, huzamisha mizizi chini sana, huvumilia baridi kupita karibu zote, na hukupa mti mkubwa ambao utausubiri miaka mingi na kuuchuma kwa ngazi. Uani penye baridi ya kati, mimi ningechukua B9. Penye baridi kali kweli na nafasi ya kutosha, Antonovka. Muuzaji asiyeweza kukuambia shina la chini ni lipi, muache na mche wake.

Usije ukadhani shina gumu la chini hufanya kila kitu kilicho juu kiwe kigumu. Ivan Michurin, mzalishaji wa aina za miti ya matunda wa Urusi aliyeishi kati ya 1855 na 1935 na ambaye mji wa Michurinsk umepewa jina lake, alitumia miaka ya mwanzo kubebesha aina za kusini juu ya mashina ya kaskazini akitumaini zitazoea. Hazikuzoea. Akageukia kuchanganya mbegu na kuchagua miche iliyozaliwa palepale penye baridi. Juu na chini, vyote viwili lazima viwe vya baridi.

Kuhusu ramani za maeneo ya baridi, zitumie, ila usizisujudie. Ile ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960 na kufanywa upya mwaka 2023, huonyesha wastani wa usiku wa baridi kuliko yote wa kila mwaka katika kipindi cha miaka 30. Wastani maana yake ni kwamba kuna miaka iliyopita chini ya hapo. Na ramani hiyo haisemi neno juu ya jalidi ya machipuko.

Yadi yako mwenyewe itakueleza zaidi. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama bondeni, na hata uzio usio na nafasi chini yake huizuia na kuikusanya. Toka nje asubuhi ya jalidi utazame ni wapi nyasi ni nyeupe na wapi bado ni kijani. Panda pale penye kijani. Nyuzi mbili za tofauti kati ya juu na chini ya mteremko mdogo ndizo nyuzi zilezile zinazotenganisha mavuno na maua yaliyokauka.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kupanda mti kwenye ukuta unaopigwa na jua, upate joto. Kwa mzabibu, ambao huchipua kwa kuchelewa, sawa. Kwa mti unaochanua mapema, napinga kabisa. Ukuta ule huota jua wakati theluji haijayeyuka na kuuamsha mti wiki nzima kabla ya wenzake. Ukiwa na aprikoti na hutaki kuiacha, ipande mahali panapopata jua la kutosha wakati wa kiangazi lakini penye kivuli jua linapokuwa chini, na weka matandazo mazito juu ya theluji au udongo ulioganda ili mizizi ichelewe kupata joto.

Jua hilohilo huumiza shina. Siku angavu ya baridi, gome la upande unaopata jua la alasiri hupata joto hadi seli zake zinaanza kuamka. Jua likizama joto hushuka kwa dakika chache na seli hufa. Machipuko yakifika unaona gome limezama, limepasuka, na baadaye linabanduka. Dawa yake ni rahisi mno: rangi nyeupe ya maji ya kupaka ukuta, ichanganywe nusu kwa nusu na maji, ipakwe kuanzia chini hadi kwenye matawi ya kwanza. Weupe hurudisha jua. Kuna watu wanaoona mti uliopakwa chokaa unaharibu sura ya bustani; wapake na wazoee, kwa sababu kidonda cha gome hakiponi vizuri na kuvu huingilia hapohapo.

Panya nao hufanya kazi yao chini ya theluji, mahali usipowaona. Hutafuna gome kuzunguka shina, na likizungukwa lote mti umekwisha. Zungushia wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, uingie udongoni kidogo, na upande juu kuliko kimo cha theluji, kwa sababu sungura husimama juu ya theluji hiyo na kufikia matawi. Matandazo yasiguse shina. Yaache nafasi ya kiganja.

Mbolea ya naitrojeni baada ya katikati ya kiangazi, hapana. Kupogoa wakati wa vuli, hapana pia. Vyote viwili huuambia mti ukue wakati unapaswa kufunga. Pogoa mwishoni mwa majira ya baridi, baridi kali ikishapita na kabla matumba hayajafunguka. Maji, ndiyo: mwagilia kwa kina kabla udongo haujaganda, hasa kama vuli ilikuwa kavu. Na mti mchanga uliobeba matunda kupita kiasi huingia kwenye baridi umechoka, kwa hiyo punguza matufaha yakiwa bado madogo, abaki moja kila sentimita 15 hadi 20 za tawi. Najua inauma kuyatupa. Yatupe.

Mitufaa huhitaji mwenzake wa aina nyingine anayechanua wakati uleule, la sivyo chavua haipatikani. Tufaha dogo la mapambo kwa jirani linatosha. Plamu za baridi ni wagumu zaidi kuoanisha, na Toka, iliyotolewa na Niels Hansen huko South Dakota mwaka 1911, bado ni mchavushaji wa kutegemewa kwa plamu chotara.

Na kama una nafasi ya mti mmoja tu, mimi ningepanda cheri chachu. Hujichavusha wenyewe, huchanua baada ya aprikoti na pichi, na haudai eneo. Carmine Jewel, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada mwaka 1999, ni kichaka cha mita mbili hivi, na mahali ilikozalishwa baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri ni jambo linalojulikana. Hutahitaji ngazi. Utahitaji wavu wa ndege, na uutandaze siku cheri za kwanza zinapoanza kugeuka rangi. Ukingoja ziive zote, ndege watakuwa wameshamaliza.