Kompyuta kwa Kila Mwanafunzi: Peru Ilipima Nini Hasa?

Serikali ya nchi maskini ikitaja tu mpango wa kuwapa wanafunzi kompyuta mpakato za bei nafuu, jibu linalorudi ni neno moja: Peru. Nchi hiyo iligawa mashine zaidi ya 800,000 kupitia mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ambao Nicholas Negroponte, mtaalamu wa teknolojia wa Marekani, aliutangaza mwaka 2005. Baadaye watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika wakapima matokeo katika shule 319 za vijijini. Shule zilizogawiwa zilikuwa na kompyuta 1.18 kwa kila mwanafunzi, na nyingine 0.12. Miezi 15 ikapita, na alama za hisabati na lugha hazikutofautiana. Ripoti ilitoka mwaka 2012, na kwa wachumi wengi wa elimu mjadala ukaishia hapo.

Wanaopinga mipango hii hawaichukii teknolojia, na hoja yao ina uzito. Mashine iliyoahidiwa kwa dola 100 iligharimu karibu dola 188 ilipoanza kutengenezwa mwaka 2007, na hapo umeme, intaneti na matengenezo havijahesabiwa. Kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo unaweza kumpa mtoto dawa ya minyoo, na utafiti uliofanyika Busia, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza utoro shuleni kwa robo. Mwaka 2006 wizara ya elimu ya India iliikataa kompyuta hiyo, ikisema madarasa na walimu ndiyo mahitaji ya haraka. Nchi yenye darasa la watoto themanini na mwalimu mmoja haina haki ya kulipuuza neno hilo.

Hata hivyo, tuitazame Peru yenyewe kwa karibu. Walimu walipewa mafunzo ya saa 40. Intaneti haikuwepo karibu kote. Mashine ilibuniwa ili mtoto aende nayo nyumbani, lakini watoto wengi hawakwenda nayo, kwa kuwa walimu waliogopa wizi na wazazi waliogopa kulipishwa ikiharibika. Kilichopimwa, basi, ni hali ya mtoto aliyepewa chombo kisha mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa. Matokeo ya kipimo hicho nayakubali bila shaka yoyote. Ninachokikataa ni kuyageuza kuwa jibu la swali jingine, yaani kama mtoto wa kijijini anastahili kuwa na kompyuta.

Kuna takwimu moja katika utafiti uleule ambayo haitajwi sana. Kila kompyuta ilikuwa na vitabu 200 ndani yake. Katika shule ambazo hazikupata kompyuta, ni asilimia 26 tu ya wanafunzi waliokuwa na vitabu zaidi ya vitano nyumbani. Yaani nyumba tatu kati ya nne hazikuwa na vitabu sita, na ghafla mtoto wa nyumba kama hiyo akawa na maktaba mikononi. Na bado tabia ya kusoma haikubadilika.

Jambo hilo linauma, na linahitaji maelezo. La haraka ni kwamba watoto walipendelea michezo. Mimi nauliza kwanza: nani aliwafungulia kitabu kimoja kati ya hivyo 200? Somo la kesho lilihitaji ukurasa upi? Kama mwalimu hakuviunganisha na ratiba yake, na kama mashine ilifungiwa kabatini shule ilipotoka, vitabu hivyo vilikuwepo kwa hesabu tu.

Hapa tunaweza kujifunza Kenya, na safari hii kompyuta hazihusiki. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za vijijini zilizopewa vitabu vya kiada vilivyochapishwa. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa wakifanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na hakuna wizara iliyotangaza kwamba watoto hawahitaji vitabu. Kila mwenye busara alisema vitabu vile havikulingana na watoto wale. Kwa nini kompyuta inyimwe usomaji huohuo wa haki?

Watetezi wa kompyuta hupenda pia kutaja kwamba watoto wa Peru walipata nafuu kidogo katika majaribio ya kufikiri. Siiegemei hoja hiyo. Ufuatiliaji wa takriban miaka kumi haukuona faida katika maendeleo yao ya masomo, na hilo ni lazima lisemwe waziwazi. Hata Uruguay, iliyomfikishia kompyuta kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kati ya mwaka 2007 na 2009, utafiti haukuona alama za hisabati na kusoma zikipanda.

Lakini Uruguay haikuishia kwenye kugawa. Mpango wake, Plan Ceibal, ulipeleka intaneti shuleni, ukaweka utaratibu wa matengenezo, na kuanzia mwaka 2012 ukatumia mtandao huo kufundisha Kiingereza kwa video: mwalimu wa lugha yuko mbali, mara nyingine nchi nyingine, na mwalimu wa darasa amesimama palepale na wanafunzi wake. Shule zilipofungwa mwaka 2020, nchi ilikuwa na vifaa mikononi mwa watoto na jukwaa la masomo ambalo walimu walikwisha kulizoea. Mahali pengi duniani mtoto asiye na kifaa alikaa miezi bila somo. Mtihani wa hisabati wa miezi 15 haukuundwa kupima faida ya namna hiyo.

Kosa kubwa la Negroponte lilikuwa kuamini kwamba mtoto na mashine wanatosheana. Mwalimu aliwekwa pembeni, na kosa hilo liliwagharimu watoto ambao mpango ulitaka kuwasaidia.

Kwa hiyo wizara inayopanga bajeti leo ianze na fundi, chaji, mafunzo ya walimu ya mwaka hadi mwaka, na masomo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Idadi ya mashine itokane na kinachobaki. Kama kinachobaki kinatosha wilaya moja tu, ipewe wilaya moja, nzima, kuliko kutawanya sanduku mojamoja nchi nzima kabla ya uchaguzi. Na mashine ziende nyumbani na watoto. Ikipotea au ikivunjika, hasara iwe ya serikali, na mzazi aambiwe hivyo kwa maandishi siku mtoto wake anapokabidhiwa.