Mashine inayojaza mapengo imejifunzia kwa nani?

Picha ya sitiskani (CT scan), ile ya ndani ya mwili, hukokotolewa. Mionzi inapita mwilini kutoka pembe nyingi, na kila inapotokea upande wa pili mashine inaandika namba tu: imepungua kiasi gani njiani. Kilichomo ndani, iwe mfupa, damu au uvimbe, hutafutwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye namba hizo. Mwaka 1917 Johann Radon alionyesha kwamba hilo linawezekana ukiwa na vipimo vya pembe zote. Allan Cormack wa Afrika Kusini alianza kulifanyia kazi akiwa Cape Town miaka ya 1950, bila kuijua kazi ya Radon, na mwaka 1979 yeye na Godfrey Hounsfield wakapewa Tuzo ya Nobel. Namtaja Cormack kila nipatapo nafasi, maana wanafunzi wetu hapa Kigoma hudhani hesabu za namna hii ni za ng'ambo tu.

Ugumu unaanza vipimo visipotosha. Huwa nawachorea kidato cha sita mraba wenye vyumba vinne. Jumla ya mstari wa juu ni 7, wa chini 8. Safu ya kushoto 10, ya kulia 5. Mmoja anajaza 3 na 4 juu, 7 na 1 chini. Mwenzake anajaza 2 na 5, kisha 8 na 0. Wote wako sahihi! Wanabishana mpaka niwape jumla ya ulalo, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, kuwa ni 4. Hapo jibu linabaki moja.

Hospitalini jumla hiyo ya ziada ni dozi zaidi ya mionzi, au muda zaidi ndani ya MRI, mashine inayopiga picha ya mwili kwa sumaku. Ndiyo maana wanahisabati hukubali kukisia. Tikhonov, mwaka 1963, alichagua jibu lililotulia kati ya yote yanayokaribiana na vipimo. Mwaka 2006 Candès, Romberg, Tao na Donoho walionyesha kwamba vipimo vichache vinaweza kutosha ikiwa picha yenyewe ina taarifa chache za msingi. Makisio hayo yameandikwa wazi, unaweza kuyasoma na kuyapinga.

Programu za akili mnemba, zinazojaza mapengo hayo siku hizi, hukisia kwa yale zilizoyaona. Hazina moja maarufu ya data za MRI ilianza na magoti ya wagonjwa wa New York. Mwaka 2020 Vegard Antun na wenzake walionyesha kwamba programu za aina hii zinaweza kuharibu picha kwa sababu ya hitilafu ndogo mno kwenye vipimo, na hata kupoteza kitu kidogo kilichokuwepo kweli.

Mashine za haraka nazitaka, tena sana. Mtu aliyetoka Kasulu na maumivu hapaswi kulala ndani ya bomba la mashine saa nzima. Lakini pwani hii ya Ziwa Tanganyika ina kichocho, na ini lililougua kichocho miaka mingi lina makovu yake. Programu isiyowahi kuliona itajaza nini pale? Picha itatoka safi, yenye kingo nzuri, na daktari ataiamini.

Kwa hiyo zabuni ya mashine ijayo iandike masharti mawili: muuzaji aijaribu programu yake kwa wagonjwa wa huku kabla ya kulipwa, na vipimo ghafi vihifadhiwe ili mtaalamu wa radiolojia aweze kuikokotoa picha upya kwa njia nyingine.